Barafu ya Kiyoyozi Kwenye Joto la Dar

Mwezi Februari, saa nane mchana, ukuta wa nyumba ya Mbagala unachoma mkono. Kwenye ukuta huohuo imefungwa mashine ya nje ya kiyoyozi, na valvu zake mbili zimeota barafu nyeupe. Mwenye nyumba anaiona, anapiga simu, na jibu analopewa kabla fundi hajaweka geji ni lilelile: gesi imeisha, itabidi ijazwe. Jibu hilo huwagharimu watu fedha nyingi kila mwaka, kuanzia Tandika na Kigamboni hadi Tegeta na Bunju, na mara nyingi si sahihi.

Wenzetu wanaoishi Toronto au Oslo wameizoea barafu hiyo. Mashine zao za kupasha nyumba joto huchota joto kutoka hewa ya nje, kwa hiyo koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi, na unyevu wa hewa huigandia. Watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo. Waliweka valvu inayogeuza mzunguko wa gesi kwa dakika chache, gesi ya moto ikapita kwenye koili ya nje, barafu ikayeyuka, kisha kazi ikaendelea. Dar es Salaam hata usiku wa Julai joto huwa nyuzi 18 au 19 hivi, na mashine zetu nyingi ni za kupoza tu. Hakuna barafu iliyopangiwa kuwepo. Ikionekana, kuna hitilafu, na mahali ilipokaa panatosha kumwonyesha fundi makini pa kuanzia.

Kwanza tuelewe inatoka wapi. Koili ya ndani inapoza kwa sababu gesi inachemka ndani yake kwa presha ndogo. R22, gesi ya mashine za zamani, ikisoma psi 68 kwenye geji huchemka kwenye nyuzi 4 hivi. Ikishuka hadi psi 58 inachemka kwenye sifuri. Kwa R410A, gesi ya mashine zilizofuata, ni karibu psi 118 na psi 102. Ona jinsi nafasi ilivyo finyu. Tena hewa ya pwani imejaa maji: mashine ya BTU 12,000 inaweza kukamua zaidi ya lita moja kwa saa. Koili ikiwa juu ya sifuri, maji hayo hutiririka kwenye trei na kutoka nje. Ikishuka chini ya sifuri, huganda katikati ya mapezi ya alumini na kuziba njia ya hewa. Hewa ikipungua, koili inazidi kuwa baridi, na barafu inazidi kunenepa. Mtu akilala na mashine ya namna hiyo, asubuhi anakuta bonge.

Sasa tuchukue chumba cha kulala Chamazi, nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi. Kiyoyozi kinanguruma, lakini upepo unaotoka ni mdogo. Ukifungua kifuniko unakuta barafu imetandaa koili nzima kwa usawa, na bomba nene linalorudi nje nalo limeganda hadi kwenye valvu. Hapo gesi haina kosa. Inafika ya kutosha, lakini haipati hewa ya kuipa joto, kwa hiyo inarudi nje ikiwa bado baridi. Tazama filta: mara nyingi imevaa vumbi kama blanketi. Filta ikiwa safi, tazama feni yenyewe, maana uchafu hujishika kwenye mabawa yake, au kapasita imechoka na feni inazunguka polepole. Feni ikiwa nzima, tazama sensa ya koili. Kazi yake ni kuzima kompresa baridi inapozidi, na ikichomoka kwenye kishikio chake inapima hewa badala ya koili.

Hatari ya kumjazia mtu huyu gesi ni kubwa kuliko hasara ya fedha. Gesi inayorudi ikiwa bado na majimaji huifikia kompresa, na kompresa imeundwa kubana mvuke. Majimaji huosha mafuta yake na kuvunja valvu za ndani. Filta ambayo ingeoshwa kwa maji ya bomba ikarudishwa imeshaua kompresa.

Sura ya pili ni tofauti kabisa. Barafu imekaa kwenye bomba jembamba na valvu ndogo ya nje, na huko ndani imeshika kona moja tu ya koili. Bomba nene halina ubaridi. Hapo ndipo gesi imepungua kweli: kidogo kilichobaki kinachemka mapema kwenye presha ya chini mno, halafu sehemu kubwa ya koili inabaki haina kazi. Lakini hata hapa kusema gesi imeisha hakutoshi. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua basi imetoka mahali. Kwenye maungio ya shaba yaliyopanuliwa vibaya au kukazwa bila kipimo, ndipo huvuja mara nyingi. Mbweni na Kigamboni, chumvi ya bahari hula mahali shaba inapokutana na alumini, na koili hutoboka taratibu.

Kazi nzuri hufuata utaratibu huu. Kompresa inazimwa, feni ya ndani inaachwa ivume, beseni linawekwa chini, barafu iyeyuke yenyewe. Kisu na bisibisi havigusi koili: bomba lake ni jembamba, na tundu moja linamaliza mashine. Filta na koili zinaoshwa, ya nje pia, kisha mashine inawashwa na kupimwa hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni afya. Tofauti ikiwa ndogo ndipo geji inapofungwa. Presha ikiwa chini, povu la sabuni linapakwa kwenye kila ungio hadi mapovu yaonyeshe tundu. Likizibwa, mfumo unajaribiwa kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Baada ya hapo pampu ya vakyumu inatoa hewa na unyevu, na gesi mpya inapimwa kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Hatua ya vakyumu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kupuliza gesi kidogo kusukuma hewa nje hakutoi unyevu. Tone la maji lililobaki ndani huganda kwenye kapileri, kijibomba chembamba kinachoshusha presha ya gesi; mashine inaacha kupoza, inapumzika, barafu inayeyuka, inapoza tena. Mteja anazungushwa miezi, na kila fundi anaongeza gesi.

Gesi ya R22 nayo inaelekea kuadimika. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilitakiwa kupunguza R22 na jamii yake kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na ifikapo 2030 ibaki kiasi kidogo cha matengenezo tu. R32 inayoingia sasa inaweza kushika moto, kwa hiyo kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi ni kuhatarisha maisha ya watu.

Basi fundi akikuambia gesi imeisha, mwombe apake povu na akuonyeshe inapotokea. Asipopaonyesha, usimlipe gesi.