Taa za Darajani

Jioni moja barazani Kilwa Masoko, rafiki yangu alitoa hoja: sisi watu wa Kusini tuchangishane, tulipambe Daraja la Mkapa kwa taa za rangi, nalo ling'are kama Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam. Baraza zima likaitikia. Mimi nilinyamaza, na sasa naeleza kwa nini.

Sipingi urembo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, nimelitazama usiku na kukiri kuwa linapendeza. Lakini lipo mjini. Watu huliona toka ufukweni, hulipita kwa miguu, hupiga picha. La Mkapa, mita 970 juu ya Rufiji, usiku hupitwa na malori na mabasi ambayo abiria wake wengi wamesinzia. Kulipamba ni kupaka wanja gizani.

Tena kuchanga si kutunza. Mwaka 2013, kwa michango ya watu binafsi, taa 25,000 zilitundikwa kwenye Bay Bridge ya San Francisco, Marekani. Msanii Leo Villareal alizifanya zichezecheze kama maji, na sifa zikaenea. Mwaka 2023 zikazimwa, kwa kuwa upepo, unyevu na mtikisiko vilikuwa vimezila.

Kabla ya 2003 tulivuka kwa kivuko pale Ndundu. Kikiharibika, tulilala huko huko. Nakumbuka koroboi za akina mama waliouza chai na wali. Zilikuwa chache na zenye moshi, lakini kila moja ilikuwa na neno kwa msafiri: hapa pana chakula, hapa pana mtu. Tangu siku zile, kila taa naipima kwa neno lake.

Hata hivyo naielewa hoja ya rafiki yangu, na ndani yake naona uchungu zaidi ya urembo. Songo Songo ni kisiwa chetu cha Kilwa, na tangu mwaka 2004 gesi yake imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Anayeona gesi ya kwao ikiwasha taa za wenzake ana haki ya kuuliza zamu yake itafika lini.

Ila swali hilo halijibiwi kwa rangi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara Somanga na kwingineko wilayani kwetu. Daraja kubwa lilikuwa zima, lakini halikuweza kumfikisha mtu Kilwa.

Basi tukichanga, tuanze Nangurukuru na Somanga, pale mama anaposhuka basi usiku, mtoto mgongoni na mzigo mkononi, akitafuta pa kukanyaga. Taa ya hapo itakuwa na neno la kumwambia. Zikibaki fedha, nitakuwa wa kwanza kuchangia rangi za rafiki yangu.