Mkono wa Mchoraji na Kaburi la Mnunuzi: Uhakiki wa Mchango wa John Beazley katika Utafiti wa Mitungi ya Athens

John Davidson Beazley (1885–1970), mzaliwa wa Glasgow, alifanya kazi yake ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alishika kiti cha uprofesa wa akiolojia na sanaa ya kale kuanzia 1925 hadi 1956. Hoja ya msingi katika uhakiki huu ni iwapo mbinu iliyompa umaarufu ilipanua maarifa kuhusu Wagiriki wa kale, au iliongeza majina ya wachoraji tu.

Wachoraji wengi wa mitungi ya Athens hawakutia saini. Beazley aliazima mbinu ambayo Giovanni Morelli aliitumia kwa picha za Italia: kuchunguza vipengele vidogo ambavyo mkono huvichora kwa mazoea, kama vile sikio, kifundo cha mguu na mikunjo ya vazi. Katika makala yake ya 1911, mtungi mmoja usio na saini ulioko Berlin ulikuwa kiini cha kukusanya kazi nyingine za mkono uleule. Mwenye mkono huo akaitwa Mchoraji wa Berlin. Orodha zake za mitungi ya picha nyeusi (1956) na ya picha nyekundu (toleo la pili, 1963) zingali msingi wa taaluma hii.

Hata hivyo, udhaifu wake haufichiki. Kwanza, orodha hizo aghalabu hutoa hukumu bila kuonyesha hoja. Msomaji hulazimika kuliamini jicho la Beazley. Pili, mitungi mingi, ukiwemo ule wa Berlin uliotoka Vulci, ilifukuliwa katika makaburi ya Waetruski nchini Italia. Beazley hutaja mahali pa ugunduzi panapojulikana, lakini anaipanga mitungi kwa kumfuata mchoraji, si mnunuzi aliyezikwa nayo. Tatu, jina la mchoraji hupandisha bei. Mwaka 1972, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilinunua chombo cha kuchanganyia divai chenye saini ya Euphronios kwa dola milioni 1. Mwaka 2008 kilirejeshwa Italia. Saini hiyo haikumhitaji Beazley, ila inadhihirisha hatari ya kuthamini jina kuliko kaburi. Michael Vickers na David Gill (1994) walikwenda mbali zaidi, wakidai kuwa vyombo hivyo vilikuwa vya bei nafuu, vikiiga vya fedha.

Pamoja na hayo, wakosoaji wenyewe hawawezi kumkwepa. Anayetaka kujua mitungi ya karakana ipi ilipelekwa Etruria hana budi kuanza na orodha za Beazley. Kwa hiyo, kosa halimo katika kumtambua mchoraji, bali katika kuuhesabu utambuzi huo kuwa mwisho wa utafiti.