Makaa Juu, Makaa Chini

Wengi wakisikia keki ya chokoleti hufikiria oveni ya umeme, kitufe kikizungushwa hadi nyuzi 180. Huku Usagara, mjini Tanga, nimeizoea ikiwa juu ya jiko la mkaa, ndani ya sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga mkavu, na mfuniko umepangwa makaa. Huo ni ufundi kamili. Wanawake wa pwani waliupata kwenye mkate wa kumimina na mkate wa mayai, wakapalia moto juu na chini miaka mingi kabla ya kopo la kakao kuingia jikoni mwao.

Fundi ninayemsema namwita shangazi, ingawa hatuna undugu wa damu. Keki yake ni ya karamu ya usiku wa Idi, marafiki wakija baada ya sala ya Isha. Mfungo waweza kuwa wa siku 29 au 30, kwa hiyo mayai hayapasuliwi mpaka mwezi uandame. Huoka usiku huohuo, na keki ikilala mpaka jioni ya pili kakao inakuwa imekolea.

Kakao haimwagi kavu kwenye unga. Huichekecha bakulini, akaimiminia kahawa chungu ya moto, ileile inywewayo barazani kwa kashata, akakoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Tangu kina Van Houten wa Amsterdam walipopata hataza ya mashine ya kukamua kakao mwaka 1828, unga wake hutolewa mafuta mengi, lakini mengine hubaki, na maji ya moto ndiyo yanayoyalegeza na kuitoa harufu. Uji huo huachwa upoe kabisa, usije ukaivisha mayai. (Natamani kopo lile lingekuwa na kakao ya Kyela. Tunailima wenyewe, kisha sehemu kubwa tunaisafirisha nje ikiwa mbegu kavu.) Badala ya maziwa mabichi hutia mtindi, kwa kuwa uchachu wake ndio unaoifumua magadi soda. Iliki huwa kidogo sana, isiishinde chokoleti.

Mayai na sukari huyapiga kwa mkono, bila haraka, mpaka akinyanyua mchapo rojo lianguke bila kukatika na alama ibaki juu kwa muda. Unga huingizwa mwishoni, kwa mwiko unaopita chini na kupinduliwa. Hapo haruhusu mtu kumsaidia, nami namwelewa: hewa yote aliyoihangaikia yaweza kupotea kwa mizunguko michache ya mkono mzito.

Kisha moto. Vifuu huwashia tu, maana ukali wake huisha upesi. Kazi ya kuoka ni ya mkaa ulioshika vizuri na kuvaa majivu. Chini huacha makaa machache, ameyasogeza pembeni. Juu ya mfuniko huweka mengi zaidi, kwa sababu joto hupanda, na la juu sehemu kubwa huishia hewani. Hata huko juu katikati hupapunguza, kwani keki huumuka zaidi pale na kuukaribia mfuniko.

Ugumu unaonifanya nimheshimu mno uko hapa. Mkate wa mayai hujitangaza kwa rangi: ukigeuka wa dhahabu, umeiva. Chokoleti ni ya kahawia tangu ikiwa mbichi, wala haikuonyeshi inapoanza kuungua. Kuchungulia nako hakuwezekani, maana mfuniko ukifunuliwa mapema joto hutoka, povu ambalo halijashikana hunywea, na majivu huangukia ndani. Basi shangazi hukaa kwenye kigoda na kunusa. Mwanzo hutoka harufu ya kakao yenye unyevu. Baadaye harufu hukauka, hukaribia ile ya kahawa inayokaangwa, na sauti ndogo ya kuchemka pembeni mwa bati lenye keki hufifia. Huweka kiganja juu ya makaa, akaondoa kipande kimoja kwa koleo, akaongeza kingine upande unaopigwa na upepo wa baharini. Chelewa huchomekwa mara moja tu, mwishoni, na mara zote nilizokuwepo ilitoka kavu.

Kwa joto la Tanga krimu ya siagi ingelainika na kuteremka. Yeye hupika kakao, sukari na maziwa mpaka vishike mwiko, akamwagia keki iliyokwisha poa. Kuigawa matabaka hutumia uzi mpya, akiuvuta polepole kwa mikono miwili.

Wageni husifu utamu, nao ni haki yake, lakini ningependa waanze na ukingo wa chini: mwembamba, laini, haujaungua popote. Disemba, jirani yake Mkristo huja kuazima sufuria ile kwa keki ya Krismasi. Shangazi huibeba mwenyewe pamoja na koleo lake, na hukaa huko mpaka keki itoke.