Jicho la Mama Atim

Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", ilichapishwa mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi uliohaririwa na Ama Ata Aidoo. Mwaka uliofuata ilimpa mwandishi wake Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika, naye akawa Mganda wa kwanza kuipata. Tangu hapo wengi huitaja kwa mada yake: Anyango na Sanyu, wasichana wawili wa Kampala wanaopendana. Lakini mada peke yake haimshikilii msomaji. Ukiifungua hadithi na kukagua viungo vyake, utaona kwamba mapenzi ni mzigo tu. Kinachouvuta mzigo huo ni jicho la jirani.

Tuanze na sauti. Anyango hatusimulii sisi. Anamsimulia Sanyu, aliyepelekwa London na ambaye sasa inasemekana anarudi. Kila sentensi inamwendea "wewe" mmoja. Kwa hila hiyo mwandishi ameukwepa mtego unaowanasa wengi wanaoandika juu ya mapenzi yanayokatazwa, yaani kumgeukia msomaji na kuanza kujitetea. Mtu hamtetei mpenzi wake mbele ya mpenzi huyohuyo. Anamkumbusha tu, naye msomaji anabaki amesimama dirishani, anasikiliza yasiyomhusu. Kabla hajajua, amekwishageuzwa jirani.

La pili ni mpangilio wa wakati. Aibu inatajwa mapema, tukio lililoileta linakuja baadaye. Kwa hiyo hatusomi ili kujua kama watafumaniwa, maana hilo tunalihisi tangu mwanzo. Tunasoma tukijiuliza nani aliona, na kuona kwake kuliharibu nini.

Hapo ndipo anapoingia Mama Atim. Hadithi imewekwa katika nyumba za Nakawa, mtaa ambao kila mtu anajua mwenzake amepika nini, na Mama Atim ndiye gazeti la mtaa. Hata habari za kurudi kwa Sanyu, Anyango anazipata kwake. Mtu yuleyule anayeleta habari njema ndiye anayetangaza fedheha. Mwandishi hakuhitaji polisi wala hakimu, ingawa sheria ya Uganda iliyorithiwa kwa Waingereza inaadhibu mapenzi hayo. Jirani mmoja mwenye ulimi alitosha.

Wanuri Kahiu wa Kenya alilielewa hilo alipoigeuza hadithi kuwa filamu ya Rafiki, akiandika mswada pamoja na Jenna Bass. Alibadili mengi: Kampala ikawa Nairobi, Anyango na Sanyu wakawa Kena na Ziki, na baba zao wakawa wagombea wanaoshindana katika uchaguzi. Mama Atim hakumwondoa. Alimbakizia jina lake na kumpa kibanda, mahali ambapo kila mpita njia lazima aonekane. Mwaka 2018 filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Nyumbani bodi ya filamu iliipiga marufuku, hadi mahakama ilipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 mwezi Septemba.

Kahiu huyohuyo ndiye aliyetengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya kubuni ya zama zijazo, baada ya vita vya maji. Humo hakuna jirani wa kuchungulia. Mashine inatambua kwamba Asha anaota, kisha inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Jicho ni lile lile, limehamishiwa kwenye chombo. Kwa waandishi wa fantasia hili ni somo: unaweza kufuta mtaa, sheria na hata mvua, ila anayetazama usimfute, maana bila yeye wapendanao hawana cha kuogopa na msomaji hana cha kusubiri.

Sasa tuijaribu kanuni hii Nyabugogo, bondeni Kigali, kwenye kituo cha mabasi yaendayo Musanze, Huye na Kampala. Sheria ya jinai ya Rwanda haiadhibu mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo tishio la dola halipo kama lilivyo Uganda. Tena Mama Atim hawezi kuishi hapa. Umati wa Nyabugogo hubadilika kila saa, na ulimi wa umbea hauna pa kushika kati ya watu wasiojuana. Mwandishi atakayemhamisha alivyo atapata mhusika asiyeaminika.

Mimi ningemchagua mzunguzayi, mama anayetembeza matunda nje ya jengo la biashara la Inkundamahoro bila kibali. Jicho lake ni kali kuliko la Mama Atim kwa sababu ndilo linalomlisha: akichelewa kuwaona askari wa doria, bidhaa zimekwenda. Atawaona wasichana wawili wakiagana mlangoni pa basi, na ataelewa. Tofauti ni kwamba Mama Atim alisema bila kulipa chochote. Mzunguzayi akipaza sauti, anajianika na yeye. Hadithi ikijengwa juu ya gharama hiyo, swali linaacha kuwa nani aliona. Linakuwa kwa nini aliyeona alinyamaza, na Arac de Nyeko hakuwahi kulihitaji swali hilo, kwa sababu Nakawa hakuna anayenyamaza.