Plagi, Mwanya na Kofia: Maoni Juu ya Lugha ya Maelekezo ya Gari

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Neno likimwezesha msomaji kufanya jambo sawasawa bila ya kumwita aliyeliandika, limefaulu. Likimpoteza halifai, hata likiwa tamu namna gani masikioni. Katika makala haya twataka kuzipima kwa kipimo hicho tafsiri za maelekezo ya kuchagua na kubadilisha plagi na nyaya zake katika gari la nyumbani. Tumesoma kadhaa. Hatutazitaja, kwa kuwa makosa yake yanafanana, na yafaa yasahihishwe yote pamoja.

Tuanze na plagi yenyewe. Wafasiri wengine hulikimbia neno hili kwa kuwa ni la kukopa, na kwa kuwa plagi ni pia kile kifaa kichomekwacho ukutani. Badala yake huandika "kiwashio". Hoja zote mbili ni dhaifu. Mafundi wa Kongo husema buji, neno la Kifaransa ambalo kwao Wafaransa ni mshumaa vilevile. Wajerumani nao hukiita kifaa hiki mshumaa wa kuwashia. Hakuna aliyewahi kutia utambi kwenye injini kwa sababu hiyo. "Kiwashio" ndilo litakalotatiza, maana msomaji aweza kudhani ni swichi ya ufunguo. Twaona yatosha kuandika "plagi ya cheche" mara ya kwanza, kisha "plagi" peke yake. Sifa hiyo ya cheche yahitajika, kwani injini ya dizeli haitumii cheche: mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa, na plagi zilizomo katika baadhi ya injini hizo ni za kupasha joto tu.

Pili ni ile nafasi ambamo cheche huruka, baina ya elektrodi mbili. Gereji huitwa gepu. Vitabuni tumeikuta ikiitwa "pengo". Kiswahili kinayo tofauti ambayo mfasiri ameisahau. Pengo ni mahali palipong'oka jino. Mwanya ni nafasi baina ya meno mawili yaliyopo. Elektrodi zote mbili zipo, wala hakuna kilichong'oka. Basi ni mwanya. Aambiwaye plagi yake ina pengo atadhani imevunjika. Aambiwaye apime mwanya atachukua kipimo. Na kipimo hiki ni cha kuangaliwa sana: milimita 0.8 hivi katika magari mengi ya zamani, 1.1 katika mengi yenye mfumo wa elektroniki.

Tatu ni kile kifuniko cha mpira mwishoni mwa waya, kinachovikwa juu ya plagi. Maelekezo yote huonya kwamba waya usivutwe wenyewe, usije ukakatika ndani, kishikwe kifuniko. Kwa Kiingereza kifuniko hiki kina jina la kiatu, na mfasiri mmoja ameandika: shika buti, zungusha kidogo, kisha vuta. Lakini buti la gari, kwa kila mwenye gari Afrika ya Mashariki, ni mahali pa kuwekea mizigo. Mwanafunzi mtiifu atazunguka nyuma ya gari. Neno "kofia" lipo, nalo lasema kweli, kwani chavikwa kichwani.

Nne ni kuwaka kwa silinda. Katika injini nyingi za silinda nne, zikiwamo zile za Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1980 na 1990, silinda huwaka 1, 3, 4, 2. Tumeona hesabu hii ikiitwa "mpangilio wa silinda". Mpangilio ni wa mahali, nao ni 1, 2, 3, 4 kutoka mbele ya injini. Mfuatano ni wa wakati. Atakayeunga nyaya kwa mpangilio badala ya mfuatano wa kuwaka atapata gari linalotetemeka au lisilowaka kabisa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hubadilisha waya mmoja mmoja, wala hauondoi wa pili kabla ya kuurudisha wa kwanza.

Tano ni sifa ya waya. Nyaya nyingi za plagi zina kiini cha kaboni kinachoukinza umeme kwa makusudi, ili redio isipate mikwaruzo. Sifa hii katika fizikia huitwa ukinzani. Walioandika "upinzani" wamelichukua neno la siasa. Na mmoja amezidi, akamshauri msomaji atafute waya "usio na upinzani wowote", kana kwamba ukinzani ni ugonjwa. Hapa kosa la neno limezaa kosa la ufundi.

Hata hivyo makosa hayo matano ni mepesi yakilinganishwa na la sita. Kila plagi hupokea joto la mwako na kulipitisha kwenye kichwa cha injini. Ile ambayo ncha yake ya kauri ni ndefu hulipitisha polepole. Yenye ncha fupi hupoa upesi. Ncha yatakiwa ifikie nyuzi 500 hivi za Selsiasi, ipate kuunguza masizi yanayoigandia, wala isizidi 850 hivi. Ikizidi, yaweza kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla cheche haijaruka, na mwako wa namna hiyo huweza kutoboa pistoni.

Waingereza huita moja ya moto na nyingine ya baridi, na wafasiri wetu wamefuata neno kwa neno. Matokeo ni mabaya pande zote mbili. Mwenye gari lililopungua nguvu atachagua "plagi ya moto", akidhani cheche yake ni kali zaidi, na kumbe anaihatarisha pistoni. Mkazi wa Dar es Salaam atachagua "plagi ya baridi" kwa sababu ya joto la mji, na plagi zake zitajaa masizi meusi.

Twapendekeza "plagi ipoayo upesi" na "plagi ipoayo polepole", na kipimo chake kiitwe "kiwango cha upoaji". Huenda ikasemwa kwamba maneno haya ni marefu. Ni kweli, lakini fundi mzoefu hulindwa na uzoefu wake, na asomaye peke yake hana mlinzi ila neno. Tena mfasiri asiandike kamwe "chagua namba kubwa zaidi". Kwa plagi za NGK na Denso namba kubwa huonyesha kupoa upesi. Kwa Bosch huonyesha kinyume chake. Aandike: fuata namba iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Kanuni yetu basi ni hii. Penye neno la fundi lisilopotosha, kama plagi, waya na koili, tulipokee. Penye neno la zamani lililolala, kama mwanya, au hesi kwa ile mizunguko ya skrubu, tuliamshe. Tubuni pale tu ambapo maneno yaliyopo yanadanganya. Tusipofanya hivyo, fundi atakifunga kitabu cha Kiswahili na kurudia picha za kitabu cha kigeni, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Magari mengi ya siku hizi yana koili juu ya kila plagi, hayana nyaya tena, na plagi za iridiamu hudumu zaidi ya kilometa 100,000. Mwanya, hata hivyo, upo palepale, na kiwango cha upoaji kadhalika. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayapime mapendekezo haya mbele ya injini iliyofunguliwa, wanafunzi wakiwa na spana mkononi, kisha watuandikie ni neno lipi lililomkwamisha nani.