Sifa za Wapima Mto

Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukatika kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya Hifadhi ya Ruaha, kila mtu alikuwa na jibu lake. Huyu alisema mvua imepungua, yule aliwalaumu wafugaji wa bonde la Usangu, juu ya hifadhi, mwingine wakulima wa mpunga wa Mbarali. Bwawa la umeme la Mtera, chini zaidi kwenye mto huohuo, liliposhuka na umeme kukatika mijini, lawama zilirudi kwa watu walewale wa bondeni.

Naipenda haidrolojia kwa sababu ilikataa kuyafunga mambo hayo yote katika fungu moja.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huingia fani hii akiwa na milinganyo mingi kichwani, lakini ufundi wenyewe huanzia majini. Anasimama mtoni na mita ya mkondo, anaugawa upana wa mto vipande vipande, na katika kila kipande anapima kina na kasi ya maji. Pasipo na kina kirefu, kasi hupimwa kwenye sehemu ya sita kati ya kumi za kina kutoka juu, kwa kuwa hapo ndipo inapokaribia wastani. Akijumlisha vipande vyote anapata meta za ujazo kwa sekunde. Kisha anarudi mto ukiwa umepungua, anarudi tena ukiwa umefurika, mpaka apate mchoro unaooanisha kina cha maji na mtiririko wake. Tangu hapo, mwanakijiji anayesoma ubao wa vipimo kila siku na kuandika daftarini anakuwa ameupima mto mzima. Furiko moja kubwa likihamisha mchanga wa chini, mchoro ule haufai tena; kazi inaanza upya. Sijui elimu nyingine inayomfundisha mtu kwa ukali kiasi hiki kuitilia shaka namba aliyoipata kwa jasho lake mwenyewe.

Daftari hizo ndizo zilizosaidia kuufumbua mgogoro wa Ruaha. Maji ya Usangu hukusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu na kutokea Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, hakuna tone linalovuka kwenda hifadhini. Kwa hiyo maji yanayochepushwa kwenye mabanio ya mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi, hata yakionekana machache, yanatosha kuukausha mto. Mtera ni habari nyingine kabisa. Bwawa lile hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, na maji ya kiangazi huchangia kidogo sana. Watafiti waliopitia kumbukumbu za mtiririko walionyesha kwamba huwezi kueleza upungufu wa umeme bila kuangalia pia namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa. Yalikuwa matatizo mawili yenye tiba mbili, na watu walikuwa wameshahukumiwa kwa yote mawili.

Lakini vipimo pekee havitoshi: elimu ya kusimamia vidakio vya maji inadai pia kujua kukaa na watu. Huko huko Usangu, mtafiti Bruce Lankford alitumia mchezo wa ubao ulioinama, gololi zikiwa ndizo maji, na wakulima wa juu na wa chini wakaona kwa macho yao gololi zinaishia wapi. Hapo ndipo mazungumzo ya zamu za maji yanapoanza.

Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji ya mto awe na kibali. Kibali hicho kinataja kiasi, na kiasi kisichopimwa hakimlindi mkulima wa chini wala kiboko. Basi kijana unayetafuta shahada ya uzamili, ifikirie fani hii; mabonde yetu yanakuhitaji. Na ninyi mnaopanga bajeti za maji, kabla ya kununua mtambo mwingine wa kisasa, hakikisheni msoma vipimo wa kijijini amelipwa, na ubao wake bado umesimama.