Sauti Iliyorudi: Juu ya Sahani ya Opeth ya Mwaka 2024

Mtu akisifu kazi ya mwingine, yafaa kumwuliza kwanza: unasifu nini? Je, wasifu kazi yenyewe, ama wasifu furaha yako ya kurudishiwa kitu ulichokikosa? Maulizo hayo mawili yafanana, lakini si mamoja. Tumeyafikiri sana juu ya sahani ya muziki iliyotoka tarehe 22 Novemba 2024, yenye jina The Last Will and Testament, maana yake wosia wa mwisho. Ni kazi ya kikundi Opeth cha Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na wapenzi wake waliipokea kwa shangwe kubwa.

Kwa wasomaji wasiokijua kikundi hicho, tueleze kidogo. Opeth hupiga muziki wa metali, ndio ule wa magitare ya umeme yenye mlio mzito na ngoma za nguvu. Lakini tangu sahani yao ya kwanza, Orchid, ya mwaka 1995, hawakutaka uzito peke yake. Wimbo wao mmoja waweza kupita dakika 10: ndani yake ngurumo hufuatwa na gitare tupu lisilo na umeme, kisha ukimya kidogo, kisha ngurumo tena. Msikilizaji huingizwa polepole katika hali fulani ya moyo, kama mtu aingiaye msituni jioni. Hata jina lao lina asili upande wetu, kwa njia ya kuzunguka: lilitwaliwa katika kitabu The Sunbird cha Wilbur Smith, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1933 kule Kabwe, katika Zambia ya leo, jirani ya Katanga. Kitabuni ni jina la mji wa kale wa kubuniwa, kusini mwa Afrika.

Mikael Åkerfeldt, mwimbaji na mtungaji wao, ana sauti mbili. Moja ni safi na nyororo. Ya pili ni ya kunguruma, itokayo chini kabisa ya koo, hata maneno ni shida kuyashika. Sauti hizo mbili pamoja ndizo zilizokipa kikundi sifa, hasa katika Blackwater Park ya mwaka 2001. Lakini baada ya Watershed ya mwaka 2008, ngurumo ilinyamaza. Zilifuata sahani nne: Heritage mwaka 2011, Pale Communion mwaka 2014, Sorceress mwaka 2016, na In Cauda Venenum mwaka 2019, zote ziliimbwa kwa sauti safi. Mbele ya watu Bwana Åkerfeldt aliendelea kunguruma katika nyimbo za zamani, lakini nyimbo mpya hakuzipa sauti ile. Wapenzi wakagawanyika. Wengine walimfuata kwa moyo. Wengine walinung'unika miaka mingi kama watu walionyang'anywa mali yao.

Basi, mwezi wa Agosti 2024 wimbo wa kwanza wa sahani hii ulitolewa mbele ya mingine, na ngurumo ikasikika ndani yake. Furaha ikalipuka. Walikuwako waliotangaza ushindi kabla hawajasikia nyimbo 7 zilizobaki.

Hatuwacheki hata kidogo. Aliyependa sauti moja tangu ujana wake, akaingoja miaka 16, ana haki ya kufurahi. Tena furaha yao ina sababu ya kweli katika ufundi. Ngurumo ni kama kivuli, na pasipo kivuli mwanga haupimiki. Sahani zile nne zina uzuri mwingi, lakini mara kwa mara zilikosa hatari: msikilizaji alijua kwamba hakuna kitu kitakachomrukia. Hilo twalikubali. Tunabishana nao juu ya neno lingine. Wanasifu kurudi kwa sauti, bila kuuliza sauti hiyo yasema nini, na ni sauti ya nani.

Tutazame hadithi ya sahani. Ni siku za baada ya vita kuu ya kwanza. Tajiri mmoja amekufa, na watoto watatu wanakusanyika kusikia wosia wake: mapasa wawili, na msichana mgonjwa wa polio aliyelelewa katika nyumba ile. Nyimbo 7 za kwanza hazina majina. Zimewekewa tu alama na hesabu ya fungu, kama karatasi ya sheria. Fungu kwa fungu siri zinatoka. Kumbe mapasa si damu ya marehemu! Mrithi ni yule msichana. Ian Anderson, mzee wa kikundi Jethro Tull cha Uingereza, anasoma maneno mahali fulani mahali fulani, na kupiga filimbi yake vilevile.

Wimbo wa nane ndio peke yake wenye jina: A Story Never Told, hadithi isiyosimuliwa. Hapo barua inafika, nayo yapindua mambo yote: msichana naye si mtoto wa marehemu. Na wimbo huo unaimbwaje? Polepole, kwa sauti safi, bila ngurumo hata moja.

Kwa masikio yetu, huo ndio moyo wa kazi nzima. Ngurumo ni ya mzee anayetaka kutawala nyumba yake hata akiwa kaburini. Ina nguvu, inatisha, inakata hukumu. Lakini mwenye kuhukumu amedanganyika. Ukweli unakuja mwishoni, kwa sauti ndogo. Basi anayesifu ngurumo tu, amemsifu mzee kwa ukali wake, akaondoka kabla barua haijafunguliwa.

Tena hii ni hadithi ya watu waliokuja kuchukua fungu lao, wakiamini kwamba nyumba ni yao tangu zamani. Je, wapenzi wengine hawakukaa vilevile mbele ya Opeth? Hatusemi kwamba mtungaji alitaka kuwakaripia. Twasema tu kwamba mtungaji hakuwa na deni kwao. Wazee husema: masikio hayapiti kichwa. Kama ngurumo imerudi, imerudi kwa sababu hadithi hii iliihitaji.

Je, sahani haina kasoro? Inazo, nasi twataja mbili. Kwanza, hadithi haishikiki kwa sikio peke yake. Pasipo kusoma maneno yaliyoandikwa, msikilizaji atapotea kati ya waimbaji, wasomaji na vinanda. Pili, mambo ni mengi katika nafasi ndogo. Katika Blackwater Park nyimbo kadhaa zapita dakika 10, na sikio lilipata mahali pa kupumzika. Hapa hakuna wimbo unaofika dakika 8, na kila mmoja umejazwa mageuzi mpaka ukingoni. Hali ile ya moyo tuliyoitaja hukatwa mara nyingi kabla haijakomaa. Ni ajabu kwamba wale waliosema siku za zamani zimerudi hawakuliona jambo hilo. Sauti ya zamani imerudi, ndiyo. Uvumilivu wa zamani haukurudi wote.

Pamoja na kasoro hizo, twaiona kazi hii kuwa nzuri na yenye akili, inayostahili sifa zaidi ya ile iliyopewa. Wandugu wanaopenda muziki huu wafanye hivi: waisikilize mara ya kwanza wakishika maneno mkononi, na mara ya pili bila maneno. Kisha wajiulize kama wimbo wa nane umewagusa kama ule wa kwanza. Akijibu ndiyo, mtu huyo anaipenda sahani. Akijibu hapana, hana kosa. Lakini ajue kwamba alichokipenda ni sauti aliyokwisha kuijua tangu mwaka 2001, na kwamba sahani ya mwaka 2024 bado yamngoja.